Modemu ya Nyumbani Inapokufa: Namna ya Kuibadilisha Bila Kukosa Maji, Taa na Ulinzi

Na Afisa Habari, Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Wakati wa masika yaliyopita, mama mmoja mkazi wa wilaya yetu alifika kwenye dawati la malalamiko la Halmashauri akiwa ameshika kidumu kitupu. Nyumbani kwake kuna kisima kirefu, pampu ya umeme na tenki juu ya mnara, na majirani kadhaa hupata maji kutoka kwenye bomba lililo nje ya uzio wake. Siku hiyo ilikuwa ya nne bila tone la maji.

“Nimekuja kuomba fundi wa pampu, mwanangu,” alisema baada ya kuamkiwa. “Niliyempata mtaani amekwisha kuitoa kisimani, akaipima, akaniambia ni nzima. Lakini haiwaki.”

Afisa wetu wa TEHAMA, aliyekuwa akipita, alimwuliza swali moja: “Mama, pampu hiyo huwashwa na nani?”

“Na mwanangu aliye Dodoma. Huiwasha kwa simu kila alfajiri.”

“Na kile kisanduku chenye vitaa kinachopokea mawasiliano, vitaa vyake vinawaka?”

Mama akafikiri kidogo. “Kile cheusi juu ya kabati? Tangu radi ya Jumapili hakijawaka.”

Kisanduku hicho ndicho kilichokuwa chanzo cha tatizo. Pampu ilikuwa nzima, kisima kilikuwa na maji na umeme ulikuwapo. Kilichokufa ni modemu, kifaa chenye ukubwa wa kitabu kidogo, na kwa kufa kwake kaya zaidi ya moja zilikosa maji huku mama akilipia kazi ya kutoa na kurudisha pampu isiyokuwa na kasoro.

Kwa kuwa nyumba zenye pampu, geti, taa na kamera zinazoongozwa kwa simu zinaongezeka katika kata zetu, Kitengo hiki kimeona ni vema kuwaeleza wananchi kazi ya modemu katika nyumba ya aina hiyo, jinsi ya kutambua kwamba imekufa, na hatua za kuibadilisha.

Kazi ya modemu ni nini?

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Anayeiona taa ya uani ikiwaka yenyewe jioni haoni mlolongo ulio nyuma yake. Mlolongo huo una sehemu 3. Ya kwanza ni vifaa vyenyewe: swichi za taa, relei ya pampu, mota ya geti na kamera. Ya pili ni kifaa kikuu kinachoviongoza na kuhifadhi ratiba zake. Katika nyumba nyingine kifaa hiki hakipo, na kila swichi hupokea amri moja kwa moja. Ya tatu ni modemu, ambayo huiunganisha nyumba na intaneti kwa kutumia laini ya simu au waya wa mtoa huduma.

Modemu nyingi za majumbani hufanya kazi 2 kwa pamoja. Huleta intaneti kutoka nje, kisha huigawa ndani kwa mawimbi ya waifai. Ndiyo maana inapokufa, hasara huwa mbili: aliye mbali hawezi kutuma amri, na vifaa vya ndani navyo hupoteza njia ya kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Vifaa vyenyewe havijaharibika, bali vimekosa mjumbe.

Kwanza thibitisha kwamba ni modemu iliyokufa

Kosa linalogharimu wananchi fedha nyingi ni kununua kifaa kipya kabla ya kujua kilichoharibika. Tunashauri uchunguzi ufuate mpangilio huu.

1. Angalia vitaa. Ikiwa hakuna hata kimoja kinachowaka, jaribu soketi nyingine. Kisha ishuku adapta kabla ya kuishuku modemu, kwa maana adapta ndiyo inayopokea mshtuko wa umeme kwanza. Soma lebo yake: volti za adapta ya kujaribia lazima ziwe sawasawa na za ile ya awali, ampea ziwe sawa au zaidi, na mpangilio wa chanya na hasi katika ncha yake uwe uleule. Adapta ya volti 12 kwenye modemu ya volti 5 yaweza kuiua modemu iliyokuwa hai.

2. Ikiwa vitaa vinawaka lakini hakuna intaneti, toa laini na uiweke kwenye simu. Angalia kama kifurushi kimekwisha au laini imefungiwa. Laini ya modemu husahaulika kwa urahisi kwa sababu haipigi wala kupokea simu.

3. Angalia mtandao wa eneo. Simu nyingine zinazotumia mtandao huohuo zikikosa intaneti hapo ulipo, subiri. Kasoro ni ya mnara au ya mtoa huduma.

4. Unganisha simu yako na waifai ya nyumbani. Ikiwa simu inapata intaneti vizuri lakini taa na pampu hazitii, basi modemu ni nzima na tatizo liko kwenye kifaa kikuu, kwenye kifaa husika au kwenye programu tumishi.

5. Ikiwa vitaa vyote vinawaka mfululizo bila kubadilika, au modemu inajizima na kujiwasha kila baada ya dakika chache ingawa adapta ni nzima, chukua hatua moja ya mwisho: zima, subiri dakika moja, kisha washa tena. Hali ikibaki ileile, hiyo ni dalili kwamba kifaa kimechoka ndani.

Modemu hufa kwa sababu zinazojulikana. Radi na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huunguza sehemu za kupokea umeme. Joto hukausha vihifadhi umeme viitwavyo kapasita, hususan modemu inapowekwa juu ya bati la dari au ndani ya kabati lisilopitisha hewa. Vumbi na mchwa nao wana sehemu yao.

Kuchagua modemu mpya

Mwananchi anapokwenda dukani, yafaa aulize mambo 4. Kwanza, je, modemu hiyo inapokea laini ya mtandao wowote au imefungwa kwa mtandao mmoja? Pili, je, mtandao huo unashika vizuri nyumbani kwake? Tatu, je, inatoa waifai ya gigahezi 2.4? Swali hili la tatu ni la muhimu, kwani swichi, relei na kamera nyingi za bei nafuu huelewa masafa hayo pekee. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, lakini hupenya kuta kwa shida, na vifaa vingi vya nyumbani haviyaoni kabisa. Nne, je, inaweza kuhudumia idadi ya vifaa ulivyo navyo? Hesabu kila swichi, kila kamera na kila simu.

Dai risiti ya EFD na kadi ya dhamana. Bila risiti, dhamana ni maneno matupu.

Jambo jingine linahusu umiliki wa laini. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, kila laini ina mwenyewe anayejulikana. Katika nyumba nyingi, laini iliyo ndani ya modemu ilisajiliwa kwa jina la fundi aliyefunga mfumo. Fundi huyo akihama au akigombana na mteja, mwenye nyumba hawezi hata kuomba laini mbadala ikipotea. Piga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ikiwa ile ya modemu haimo, wakati wa kubadilisha modemu ndio wakati mwafaka wa kuweka laini iliyosajiliwa kwa jina lako.

Hatua za kubadilisha

Kabla ya kugusa chochote, hamishia pampu na geti kwenye uendeshaji wa mkono. Kisha piga picha ya modemu ya zamani, waya zake na lebo iliyo chini yake.

Hatua inayookoa muda mwingi kuliko zote ni hii: ipe waifai ya modemu mpya jina lilelile na nywila ileile iliyokuwa kwenye modemu ya zamani. Kila kifaa cha nyumbani kimehifadhi jina na nywila hiyo katika kumbukumbu yake. Kikiziona tena, hujiunga chenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiweka jina jipya, utalazimika kukiendea kila kifaa, kukirejesha kwenye hali ya kiwandani na kukisajili upya, na ratiba zake huenda zikapotea. Herufi kubwa na ndogo zizingatiwe, kwa sababu kwa vifaa hivi “Nyumbani” na “nyumbani” ni majina 2 tofauti.

Ushauri huu una mpaka wake. Ikiwa nywila ya zamani inajulikana na watu waliokwisha kuondoka, kama vile mpangaji, mlinzi au fundi, usiirudie. Usumbufu wa kusajili vifaa upya ni mdogo kuliko kumwachia mtu wa nje ufunguo wa geti lako.

Baada ya hapo, fuata utaratibu huu:

1. Toa laini kwenye modemu ya zamani, iweke kwenye mpya, chomeka umeme na usubiri dakika chache hadi kitaa cha mtandao kitulie. Ikiwa intaneti haiji, mwombe mtoa huduma akutumie mipangilio ya intaneti ya laini hiyo.

2. Unganisha simu yako kwa jina na nywila zilizo kwenye lebo, kisha fungua ukurasa wa mipangilio kwa anwani iliyoandikwa hapo, mfano 192.168.1.1 au 192.168.8.1.

3. Badilisha kwanza nywila ya kuingilia kwenye ukurasa huo. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka idadi kubwa ya kamera na modemu duniani kwa njia rahisi mno: kujaribu nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Vifaa hivyo vilitumiwa kuangusha huduma kubwa za intaneti, na wenyewe hawakujua.

4. Weka jina na nywila ya waifai kama ilivyoelezwa. Hakikisha masafa ya gigahezi 2.4 yamewashwa. Katika sehemu ya usalama, chagua WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Ukichagua WPA3 pekee, vifaa vya zamani vitakataa kujiunga.

5. Linganisha anwani za ndani. Ikiwa modemu ya zamani ilitumia 192.168.1.1 na mpya inatumia 192.168.8.1, vifaa vinavyopewa anwani na modemu havitapata shida. Lakini kinasa picha cha kamera au kifaa kikuu kilichowekewa anwani ya kudumu hakitaonekana. Ibadilishe anwani ya modemu mpya ifanane na ya zamani.

6. Zima na uwashe kifaa kikuu kwanza, kisha vifaa vingine kimoja baada ya kingine.

7. Hakiki saa. Ratiba ya pampu hufuata saa ya mfumo, na mfumo huhesabu kwa saa 24. Anayetaka pampu iwake saa 11 alfajiri aandike 05:00. Akiandika 11:00, itawaka saa 5 asubuhi.

8. Jaribu kila kifaa ukiwa ndani. Kisha zima waifai ya simu yako, tumia kifurushi cha simu, na ujaribu tena kana kwamba uko safarini. Mwisho, zima umeme kwenye swichi kuu, uwashe, na uone kama kila kitu kinarudi chenyewe. Jaribio hili la mwisho ndilo litakalokuambia nini kitatokea usiku umeme utakapokatika nawe hupo.

Kazi ya kuunganisha relei, pampu au mota ya geti kwenye umeme wa volti 230 si ya kujaribia. Kubadilisha modemu mwananchi anaweza kufanya mwenyewe. Kufungua sanduku la umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Nini cha kufanya na modemu ya zamani?

Modemu iliyokufa bado ina kumbukumbu. Ndani yake limo jina la waifai yako, nywila yake na pengine namba za watu wa nyumbani. Ikiwa inawaka, bonyeza na ushikilie kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani hadi vitaa vizime na kuwaka upya. Ikiwa haiwaki kabisa, toa laini na kadi ya kumbukumbu kama ipo, bandua lebo yenye nywila, na usimpe mtu usiyemfahamu. Na kama itatoka mikononi mwako katika hali hiyo, ni busara kubadilisha nywila ya waifai.

Usiitupe jalalani wala kuichoma. Tangu mwaka 2021 nchi yetu ina kanuni mahsusi za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na kielektroniki. Bodi za vifaa hivi huweza kuwa na risasi na metali nyingine zenye sumu, na moshi wa plastiki yake una madhara kwa wanaouvuta. Muulize muuzaji wako kama anapokea vifaa chakavu, au mwone Afisa Mazingira ili akuelekeze kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Nyumba isitegemee modemu kwa mahitaji ya lazima

Somo kubwa la tukio la mama yule linahusu jinsi mfumo wake ulivyopangwa. Pampu yake ilikuwa na njia moja tu ya kuwashwa, nayo ilipita Dodoma.

Jambo la namna hiyo limewakuta hata wenye mifumo ya gharama kubwa. Katikati ya Aprili 2022 nchini Marekani, mitambo ya intaneti ya kampuni ya Insteon ilizimwa bila taarifa kwa wateja. Wenye nyumba walikuta programu za simu hazifanyi kazi. Hata hivyo, swichi za ukutani ziliendelea kuwasha na kuzima taa kwa mkono, na waliokuwa na kifaa kikuu kinachofanya kazi ndani ya nyumba bila kutegemea mitambo ya kampuni waliendelea na ratiba zao. Mwezi Juni mwaka huohuo kundi la wateja liliinunua kampuni hiyo na kuanza kurejesha huduma.

Kwa hiyo, anayefunga mfumo mpya au kurekebisha wa zamani amwagize fundi wake mambo yafuatayo. Pampu iwe na swichi ya boya ndani ya tenki, inayoiwasha maji yakipungua na kuizima tenki likijaa, bila kuhitaji intaneti. Kuwe na swichi ya kuchagua kati ya kujiendesha na mkono, iliyowekwa mahali ambapo hata mzee anaifikia. Geti liwe na ufunguo wa kulifungulia mota yake, na ufunguo huo uwe mikononi mwa anayeishi humo. Modemu iwe na kinga ya mshtuko wa umeme, nyumba iwe na waya wa ardhini unaofanya kazi, na inapowezekana pawe na betri ndogo ya akiba. Simu ya aliye mbali ibaki kuwa msaada tu. Isiwe funguo pekee ya maji ya nyumba.

Aidha, andikeni kadi ya nyumba. Kadi hiyo iseme: modemu iko wapi, namba ya laini yake ni ipi, imesajiliwa kwa jina la nani, swichi ya mkono ya pampu iko wapi, na nani wa kupigiwa. Nywila zisiandikwe humo. Zitunzwe na wanafamilia 2 wanaoaminiana.

Kuhusu mama yule, mwanawe alifika mwisho wa juma akiwa na modemu mpya. Alikuwa ameihifadhi picha ya lebo ya zamani kwenye simu yake, hivyo kazi ya modemu haikuchukua muda mrefu. Kilichochukua siku nzima ni fundi umeme kufunga boya na swichi ya mkono ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Alipokuja kutushukuru, mama alisema swichi hiyo ameifundisha pia kwa mjukuu wake na kwa jirani wa upande wa pili wa uzio.

Mwananchi mwenye swali kuhusu mada hii anakaribishwa kufika ofisi ya Mtendaji wa Kata yake au Kitengo cha TEHAMA, makao makuu ya Halmashauri, siku za kazi. Maofisa wetu hawafanyi ukarabati katika nyumba za watu binafsi, lakini ushauri hutolewa bila malipo. Atakayekuja aje na picha ya lebo ya modemu yake na ya adapta yake, kwani zitaokoa muda wa pande zote mbili.